Ni siku zako, au ni ujauzito?

Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti na vikundi vya akina mama, Kitengela

  

Mimi kazi yangu ni habari, si udaktari. Lakini kuna swali moja linaloulizwa kila mahali: matiti yanauma, tumbo limejaa gesi, nimechoka, nina hasira bila sababu. Je, siku zangu zinakaribia au nimeshika mimba?

Kwa dalili hizo peke yake, hata daktari hawezi kukwambia. Yai likishatoka, mwili hutoa kwa wingi homoni iitwayo projesteroni, uwe umeshika mimba au hukushika. Usiposhika, homoni hiyo hushuka, damu huja, na maumivu hupungua baada ya siku chache. Ukishika, haishuki, na dalili zinabaki.

Kwa hivyo tazama kalenda kwanza. Kichefuchefu, kwenda haja ndogo mara kwa mara na kuchukizwa na harufu ya mafuta huelekea zaidi upande wa ujauzito, na kwa kawaida huanza baada ya hedhi kukosekana. Wengine huona matone ya damu karibu na siku waliyotarajia hedhi, wakahesabu kwamba wameshapata. Matone ya namna hiyo huwa machache na hukauka upesi, hedhi huongezeka.

Kuchelewa nako si ushahidi kamili. Zamu za usiku kule EPZ Athi River, mawazo, kupungua uzito au sindano ya kupanga uzazi vinaweza kuvuruga mwezi. Nenda kemisti ununue kipimo cha mkojo. Pima kuanzia siku ya kwanza ya kukosa hedhi, kwa mkojo wa asubuhi. Mstari wa pili ukionekana, hata ukiwa hafifu, uhesabu kuwa ni ujauzito, kisha uthibitishe kliniki. Usipoonekana na hedhi bado haijaja, rudia baada ya wiki moja. Kama mwezi wako hautabiriki, pima siku 21 baada ya kukutana na mume.

Kwa nini haraka hii? Hapa kwetu uchovu na kichefuchefu huitwa taifodi kabla mtu hajapimwa. Mama hununua dawa, na nyingine, kama doksisaiklini, hazifai kwa mjamzito. Kabla ya kumeza dawa au kupigwa eksirei, sema wazi: hedhi yangu imechelewa. Tena, mfereji wa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufungika ndani ya wiki nne baada ya mimba kutunga. Hizo ni takriban wiki mbili tu baada ya siku uliyotarajia hedhi. Ndiyo maana anayetafuta mtoto huanza tembe za asidi ya foliki mapema, kabla hata ya kushika mimba.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kliniki mara 8, ya kwanza kabla ya wiki 12. Wa Kitengela hospitali iko karibu. Anayeishi ndani kabisa Mashuuru aanze kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake.

Wanaume, mke akisema hajisikii vizuri, msimjibu kwamba ni hasira za mwezi. Mpeni nauli.

Na hili mlishike. Hedhi imechelewa, kisha unapata maumivu makali chini ya tumbo, mara nyingi upande mmoja, kizunguzungu, au maumivu kwenye ncha ya bega: huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi, na mrija ukipasuka damu humwagika ndani bila wewe kuiona. Usimeze dawa ya maumivu ukalala. Nenda hospitali usiku huo huo.