Bolti Haishiki, Inashikwa



Leo nataka tuzungumzie kitu kidogo ambacho wengi wetu hukinunua bila kukitazama mara mbili. Ni bolti ya kutanuka, ile inayoingizwa ndani ya zege ili ibebe hita ya maji, geti la chuma au bango la duka. Tukifika dukani tunauliza bei. Ni wachache wanaouliza bolti hiyo inakwenda kukaa katika ukuta wa namna gani. Kwangu mimi, hilo ndilo swali la kwanza.

Tuone inavyofanya kazi. Mwisho wa bolti umenenepa kama pia, na shingoni imevikwa pete ya chuma. Fundi anapokaza nati, pia huvutwa nyuma na kuipanua pete, nayo pete hubana kuta za tundu. Kinachobeba mzigo ni mbano huo pamoja na uimara wa zege lenyewe. Kwa hiyo bolti nzuri ndani ya zege bovu ni bolti mbovu.

Zege changa lisubiriwe likomae. Kipimo cha kawaida ni siku 28. Tofali lenye matundu halifai kwa bolti hii, maana pete itatanukia hewani au italipasua tofali. Na plasta si zege: unene wake usihesabiwe katika kina cha tundu.

Kina kina maana kubwa. Zege likizidiwa na mzigo, hung'oka pande lenye umbo la faneli. Ukiongeza kina mara mbili, nguvu ya zege kushikilia huongezeka karibu mara tatu. Vilevile, mbio za sakafuni huishia ukingoni: bolti iliyo karibu mno na ukingo hupasua zege. Kanuni ya zamani ya mafundi ni kuacha, kati ya bolti na bolti, mara kumi ya unene wake. Kwa bolti ya milimita 12, hiyo ni sentimita 12; na kutoka ukingoni, angalau nusu ya hapo. Maelekezo ya kiwanda yakitaka zaidi, yafuatwe.

Halafu kuna vumbi. Keekee ikishatoboa, tundu lisuguliwe kwa burashi na kupulizwa mpaka liwe safi. Vumbi likibaki, pete hubana vumbi badala ya zege. Nati nayo ikazwe kwa kiasi kilichoandikwa, si kwa ubavu wa fundi. Na ninyi mlioko pwani, kwenye hewa ya chumvi, nunueni bolti za chuma kisichoshika kutu kwa kazi za nje.

Pengine mtu atasema haya ni mambo madogo. Tarehe 10 Julai 2006, mjini Boston, Marekani, mapande ya zege ya dari ya barabara ya chini ya ardhi yaliangukia gari, na mama mmoja aliyekuwa abiria akafa. Bolti zake zilikuwa za gundi, si za kutanuka, lakini somo ni lile lile. Wachunguzi walieleza kwamba gundi iliyotumika ilikuwa ya kukauka haraka, isiyofaa mzigo unaoning'inia usiku na mchana, na ikawa inalegea kidogo kidogo. Tangu mwaka 1999 baadhi ya bolti zilikwisha kuonekana zikitoka. Zikarekebishwa bila chanzo kujulikana.

Hapo ndipo penye funzo, ndugu zangu. Ukiona bolti imesogea, usikimbilie spana. Ondoa mzigo kwanza, waondoe watu chini yake, kisha utafute kilicholegea. Na kitu chochote kizito kitakachoning'inia juu ya vichwa vya watu, mwulize mhandisi kabla ya kutoboa. Akiba ya shilingi chache dukani haina thamani mbele ya mtoto anayecheza chini ya hita.