Makerezo Yetu na Mashine ya Tarakimu

(Maneno ya mwanafunzi wa zamani, fundi mkerezaji, katika mkutano wa mwaka wa Chama)



Kamati imenipa dakika ishirini nizungumze juu ya mashine za CNC na programu za CAM. Nimeambiwa pia, kwa sauti ya chini, kwamba baada ya chakula mkutano utapigia kura hoja ya kuyauza makerezo yetu manne kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na fedha zitakazopatikana ziongezwe katika mchango wetu ili inunuliwe mashine moja ya CNC. Basi sitajifanya kwamba sijui kwa nini nimeitwa. Nusu ya hoja hiyo naiunga mkono, nusu naipinga, na dakika zangu nitazitumia kueleza sababu.

Kwanza maneno yenyewe, maana nimesikia wakubwa wengi wakiyachanganya. CNC ni mashine ya kukata chuma inayoongozwa na tarakimu kwa njia ya kompyuta. Inaweza kuwa kerezo, inaweza kuwa mashine ya kuchonga, hata ya kukata bati. CAM si mashine. Ni programu ya kompyuta inayosoma umbo la kitu tunachotaka na kuandika njia ambayo kisu kitapita. Tuseme CNC ni mpokea barua, na CAM ni karani anayeiandika. Barua ikiwa mbaya, mpokeaji ataitii vilevile.

Jambo hili si geni kama vijana wanavyodhani. Baada ya vita kuu ya pili, Mmarekani mmoja wa jimbo la Michigan, John Parsons, alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta. Umbo la panga lile halipimiki kwa rula, kwa hiyo akaanza kulieleza kwa orodha ya namba. Mwaka 1949 Jeshi la Anga la Marekani lilimpa mkataba, na mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha mashine ya kuchonga iliyosoma namba hizo kutoka katika utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Kabati la mitambo ya kuiongoza lilichukua nafasi kubwa kuliko mashine yenyewe. Kuandika namba hizo kwa mkono kulikuwa adhabu, ndipo Douglas Ross na wenzake wa MIT wakabuni lugha iitwayo APT, na mwaka 1959 waandishi wa habari waligawiwa visahani vya majivu ya sigara vya alumini vilivyochongwa kwa lugha hiyo. Kwa hiyo CAM ilizaliwa ikitengeneza visahani vya majivu. (Kicheko.)

Na kwetu Afrika Mashariki? Wenzetu wa Kenya walizindua gari la Nyayo Pioneer mwaka 1990. Gari lile halikufika sokoni, lakini karakana iliyotokana na mradi huo ikaitwa, tangu mwaka 1994, Numerical Machining Complex, yaani jina lake lenyewe ni mashine za tarakimu. Hapa nyumbani tulikuwa na Mang'ula kule Kilombero, kiwanda kilichofuatana na ujenzi wa reli ya TAZARA, na Kilimanjaro Machine Tools kule Hai, kilichojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Bulgaria. Nawataja si kwa kujisifu. Nataka mkumbuke kwamba kununua mashine hatujapata kushindwa sana. Kazi iko katika kuziweka hai.

Sasa twende karakanani. Chukua flanji ya bomba la maji, bamba la chuma laini lenye unene wa milimita 12, linalotakiwa tundu sita za milimita 14, zilizopangwa sawasawa juu ya duara la kipenyo cha milimita 120. Wazee wenzangu mnakumbuka tulivyofanya. Tulifungua bikari milimita 60, tukachora duara, tukalikata mara sita kwa ufunguo uleule wa bikari, maana nusu-kipenyo huingia mara sita kamili juu ya duara lake. Tukapiga alama kwa panchi, tukatoboa kwa keekee. Ukiwa na mkono mzuri ulikosea nusu milimita. Ukiwa na mkono wangu wa kidato cha pili, mwalimu alikuambia ulichotengeneza ni chujio.

Mashine ya tarakimu haina bikari. Huiambii "gawa duara". Unaiambia kila tundu liko wapi kutoka katikati ya flanji, kwa namba mbili, X na Y. Tundu la kwanza ni X 60, Y 0. La pili ni 60 mara kosaini ya nyuzi 60, yaani 30. Na 60 mara saini ya nyuzi 60, yaani 51.962. Mengine manne ni namba hizohizo zikibadilishwa alama za kujumlisha na kutoa. Vijana mnaomuuliza mwalimu wa hesabu trigonometria ina faida gani duniani, jibu ni hilo, na hulipwa mshahara mwisho wa mwezi.

Barua yenyewe huandikwa hivi: G81 X60. Y0. Z-18. R2. F100. G81 ni amri ya kutoboa. R2 yaishusha keekee kwa haraka mpaka milimita 2 juu ya chuma, Z-18 yaipeleka chini milimita 18, na F100 ni mwendo wa kushuka, milimita 100 kwa dakika. Mstari unaofuata unaandika X na Y za tundu la pili tu, mashine inakumbuka mengine. Mtauliza, bamba ni milimita 12, kwa nini kushuka 18? Kwa sababu ncha ya keekee imechongoka. Keekee ya milimita 14 ina ncha ya milimita 4 na zaidi kidogo. Ukishuka 12 kamili, upande wa chini utapata tundu lisilotimia, au usilipate kabisa. Jambo hilo kompyuta haikufundishi. Linajulikana kwa aliyewahi kuigeuza flanji na kuitazama chini.

Kwa tundu sita karani hahitajiki, fundi anaiandika barua mwenyewe. Karani huhitajika umbo linapokuwa na mabonde na milima, kwa mfano kalibu ya kumwagia plastiki, au panga la pampu. Hapo mistari ni maelfu, na hakuna binadamu wa kuiandika. Katika programu ya CAM unaweka mchoro wa kitu chako, unachagua kisu, unaiambia ikate tabaka ngapi na ibakishe kiasi gani cha kumalizia, nayo inachora njia zote na kukuonyesha kwenye kioo jinsi chuma kitakavyopungua. Mwisho inatafsiri. Tafsiri ni ya lazima, kwa kuwa kila aina ya mashine ina lahaja yake ya lugha ileile, kama vile Mpemba na mtu wa Tabora wote wasema Kiswahili, lakini si kila neno litafahamika.

Na lahaja hizo zina hatari zake. Katika mashine nyingi za miaka ya nyuma, ukiandika X60 bila nukta mbele ya namba, haisomi milimita 60. Inasoma sehemu 60 za elfu za milimita, yaani milimita 0.06, unene wa unywele. Kadhalika G20 ni inchi na G21 ni milimita. Ukiacha ya kwanza mahali pa ya pili, kila kipimo chako kinazidishwa kwa 25.4, na mashine haitakuuliza kama una akili timamu.

Katika kiwanda kimoja nilichofanyia kazi, ambacho sitakitaja, waliletewa mashine nzuri mpya kutoka ng'ambo. Muuzaji alitoa mafunzo ya wiki mbili kwa malipo, wakubwa wakaona ni ghali, wakaamua kijana mmoja hodari wa kompyuta atajifunza mwenyewe kwa kitabu. Naye kweli alikuwa hodari. Programu yake haikuwa na kosa hata moja. Ila siku ile keekee fupi ilitolewa ikawekwa ndefu, na urefu mpya haukuandikwa katika kumbukumbu ya mashine. Kwa akili ya mashine, ncha ya keekee ilikuwa bado mbali na chuma; kwa kweli ilikuwa imekwisha kufika. Ikashuka kwa mwendo wake wa haraka, ikapiga jiliwa. Keekee si hasara. Hasara ilikuwa beringi za mhimili wa juu, zilizobidi kuagizwa nje, na mashine ikalala miezi minne imefunikwa turubai. Kijana akalaumiwa, akaacha kazi. Mimi sikuona kosa lake. Aliyekataa kulipia wiki mbili hakulaumiwa na mtu.

Ndiyo maana sikubali makerezo yauzwe. Si kwa mapenzi ya ukale, ingawa lile la dirishani nalipenda. Kijana anayekereza kwa mkono anaposukuma kisu kupita kiasi, mpini unamwambia. Anasikia mlio ukibadilika, anaona kinyoleo kinageuka rangi ya buluu, anajua joto limezidi. Hesabu yake ni rahisi: kasi ya kukata kwa mita, zidisha kwa 1000, gawanya kwa pai mara kipenyo. Keekee yetu ya milimita 14, ya chuma cha kasi, ikikata chuma laini kwa mita 25 kwa dakika, yatakiwa kuzunguka kama mara 570 kwa dakika. Programu ya CAM itakubali pia ukiiandikia mita 100, nayo itazungusha zaidi ya mara 2,270, na kwenye kioo tundu litaonekana zuri kabisa. Keekee itaungua karakanani. Aliyewahi kuunguza keekee ya shule kwa mkono wake, akamwona mwalimu anakuja, hiyo namba 100 haiandiki.

Halafu kuna kazi yenyewe. Wateja wangu wengi huja na kitu kimoja kilichokufa: shafti ya kinu cha kusaga mahindi, bushi ya trela, pulia iliyopasuka. Hakuna mchoro. Kuna kitu kilicholika, na watu wanaongojea unga. Kwa kerezo la kawaida shafti hiyo naimaliza kabla muda wa kuichora kwenye kompyuta haujaisha. Lakini akija mtu anataka flanji 200 zinazofanana, hapo kerezo langu linakaa pembeni na mashine ya tarakimu inachapa kazi. Flanji ya 200 itafanana na ya kwanza, jambo ambalo mkono wangu saa kumi jioni hauwezi kuahidi. Nadhani mmeona kwa nini siwezi kuchagua moja.

Juu ya umeme na betri nitasema kwa ufupi. Mashine hizi hazipendi umeme unaopanda na kushuka, kwa hiyo kidhibiti cha umeme ni sehemu ya bei, si anasa. Na mashine nyingi za zamani, hasa zile tunazopewa kama zawadi, hutunza kumbukumbu zao za ndani kwa betri ndogo. Betri ikifa wakati wa likizo, mashine inaamka haijui yenyewe ni nani. Atakayeipokea azinakili kumbukumbu hizo siku ya kwanza na kumpa Mwalimu Mkuu azifungie kabatini.

Kijana mmoja ameniuliza asubuhi, "Shikamoo mzee, sasa si kompyuta itachukua kazi yetu?" Marahaba, mwanangu. Baadhi ya kazi itachukua, sitakudanganya. Aliyekuwa akizungusha mpini siku nzima kwa kitu kilekile, huyo mahali pake panapungua. Anayejua kushika kipande kisitikisike, kutafuta sifuri yake, kuchagua kisu, na kupima kwa maikromita kilichotoka, huyo naendelea kumtafuta, na simpati kwa urahisi.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, nimempa Katibu hoja yangu kwa maandishi. Makerezo manne yabaki, na mawili yafanyiwe ukarabati. Mwezi ujao, kabla ya kununua chochote, kompyuta za shule ziwekewe FreeCAD, ambayo ni ya bure na sasa ina sehemu ya CAM ndani yake, pamoja na LinuxCNC, ya bure pia, inayoweza kuigiza mashine bila mashine kuwapo. Walimu wawili wapelekwe mafunzoni kwa fedha zetu. Kisha inunuliwe mashine ndogo ya kuchonga, ya mezani, pamoja na kidhibiti cha umeme na vipimo vyake, na itengwe akiba ya kila mwaka ya visu na vipuri. Fedha zisipotosha yote hayo, mashine ingoje, mafunzo yatangulie. Najua wako wanaotaka mwakani tupige picha mbele ya mashine mpya. Watapinga, na ni haki yao.

Kura ni baada ya chakula. Wakati huohuo nimekuja na kompyuta yangu, na flanji yetu imo ndani yake, tundu zote sita. Mmoja nimeuharibu makusudi. Kijana atakayekuwa wa kwanza kuniambia ni mstari gani, nina maikromita yangu ya zamani hapa mfukoni, itakuwa yake. Niko karakanani, karibu na kerezo la dirishani.