Tujifunze Kuchora Mtu



Picha yangu ya kwanza ilikuwa ya mama na mtoto. Niliibandika ukutani ili wazazi wakumbuke siku ya kupima watoto uzito. Watu walicheka sana. Mama mmoja akauliza, "Na huyu babu mfupi anapimwa?" Maneno niliyoandika chini hakuna aliyeyasoma.

Kosa lilikuwa kichwa. Mtu mzima akisimama, urefu wake ni kama vichwa vyake saba na nusu. Mtoto wa mwaka mmoja ni kama vichwa vinne tu. Macho nayo yako katikati ya kichwa, siyo juu karibu na nywele kama wengi tunavyoyaweka.

Mwombe mwenzio asimame mbali kidogo. Shika kijiti, nyosha mkono, fumba jicho moja. Pima kichwa chake kwa kidole gumba, halafu hesabu kushuka hadi miguuni. Chora kwa mkaa. Kalamu si lazima. Wazee waliochora watu na wanyama kwenye mwamba wa Igeleke, hapa Iringa, kalamu waliitoa wapi?

Kisha upange picha. Cha karibu kiwe kikubwa, cha mbali kidogo. Pale Tukuyu, jani moja la mgomba mbele ya uso wako laweza kuuficha mlima Rungwe wote! Basi mama na mtoto nikawaleta mbele, nyumba nikazirudisha nyuma.

Nilirudia mara tatu. Siku ya kupima, yule mama alikuja na mwanawe. Ila pua, anasema, bado nimeikosea.