Mashine ya Mtumba na Leseni Iliyobaki Ulaya
Mada kwa semina ya mafundi wa kompyuta na wenye stesheneri, Mpanda

Mwenye stesheneri wa Mpanda ananunua Kariakoo kompyuta ya mtumba, Dell ya mezani iliyotolewa kazini na kampuni moja huko Ulaya. Inapakiwa kwenye basi, inafika salama, inawaka, na Windows imo ndani. Kwa miezi mitano inachapa barua na kutoa nakala za vyeti bila tatizo. Mwezi wa sita maandishi yanajitokeza kwenye kona ya skrini: Windows hii haijathibitishwa. Mwenye duka anahisi ni virusi. Fundi anaitwa, anapiga Windows upya, na maandishi yanarudi.

Huu ni mfano tu, lakini miezi hiyo sita ina sababu yake. Kampuni kubwa hununua leseni za jumla na kuweka seva ya kuzithibitisha katika mtandao wao wa ndani. Kila kompyuta ya ofisi hupewa uthibitisho wa siku 180, na kila inapoiona seva ile hesabu huanza upya. Ikishauzwa, haiioni tena. Leseni ile haikuwa sehemu ya mauzo. Ilibaki kwa kampuni, na aliyelipa fedha zake Kariakoo alinunua chuma na plastiki.

Anayenunua gari la mtumba huulizia kadi kabla hajakagua injini. Mada hii inaomba desturi hiyo hiyo iingie kwenye kompyuta, na kuiuliza mashine yenyewe hakugharimu chochote. Fundi anafungua dirisha la amri, anaandika slmgr /dli, na jibu linataja aina ya leseni. Likitokea neno VOLUME, bei ijadiliwe upya. Likitokea OEM, leseni ilikuja na mashine kutoka kiwandani na inakwenda nayo popote iuzwapo. RETAIL ni ile iliyonunuliwa peke yake dukani: inaweza kuhamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine, ila haitumiki kwenye mbili kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo kazi ya kuboresha mashine inapoanza kuhitaji akili. Kuongeza RAM hakugusi leseni. Kutoa diski kuu ya zamani na kuweka SSD hakuna shida pia, kwa sababu tangu Windows 8 ya mwaka 2012 watengenezaji wengi huhifadhi ufunguo wa leseni ndani ya mazabodi, na kuanzia Windows 10 alama za mashine iliyothibitishwa hutunzwa kwenye seva za Microsoft. Fundi akipiga toleo lile lile na kuunganisha intaneti, mambo hujiweka sawa yenyewe. Kosa linalowagharimu wengi ni kubadili toleo: mashine ina ufunguo wa Home, fundi anapiga Pro kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye flashi yake, kisha mteja anaambiwa kompyuta haina leseni. Anayo, ila ya Home.

Mazabodi ndiyo yenye msiba. Kwa leseni ya OEM, mazabodi mpya ni kompyuta mpya machoni mwa Microsoft, isipokuwa ya awali iwe imeharibika na kubadilishwa kwa utaratibu wa mtengenezaji. Kwa Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa na uliotegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, jambo hili lina uzito. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo unaweza kuunguza mazabodi, na leseni ikaondoka nayo. Kifaa cha kulinda umeme kinalinda vitu viwili.

RAM nayo ina mipaka iliyoandikwa kwenye leseni badala ya kwenye chuma. Windows 7 Starter iliishia GB 2, hata ya biti 64 ya Home Basic ikaishia GB 8, na Home Premium GB 16. Windows 7 ya biti 32 huishia GB 4, ilhali Windows Server 2003 Enterprise, nayo ya biti 32, iliruhusiwa kufika GB 64. Mteja aliyelipia RAM ambayo mashine haiioni ana haki ya kukasirika, na fundi ana wajibu wa kuuliza toleo kabla ya kupokea fedha.

Njia ya mkato inajulikana: kuchakachua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki, na COSOTA ipo kwa kazi hiyo. Lakini hata bila kutaja sheria, programu nyingi za kuchakachua humtaka fundi azime kinga ya virusi kwanza. Kwenye stesheneri mashine hiyo hiyo hupokea vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA na mikataba ya viwanja ya watu wasiojua kilichozimwa.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 inadai TPM 2.0 na, kwa Intel, karibu kila mara prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, kwa hiyo mashine ya kizazi cha sita haikubaliki rasmi hata ikiongezewa RAM na SSD. Kwa mashine hizo, Linux ni jibu la kweli. Watanzania si wageni nayo: Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Leo LibreOffice hufungua mafaili ya Word, ingawa jedwali lenye mapambo mengi linaweza kuvurugika, na mteja aambiwe hilo mapema. Fundi anapakua Ubuntu mara moja, usiku intaneti inapokuwa na kasi, na flashi ile moja inaingia kwenye kompyuta kumi za mtaa. Leseni yake inamruhusu kufanya hivyo, na kumpa fundi mwenzake wa Mlele nakala.