Shampuu na Kondishena za Paka: Soma Lebo Kabla ya Kununua



Wahenga walisema kuwa paka wa nyumba haingwa. Huingia jikoni, hulala kwenye mkeka wa watoto na hupanda kitandani bila kuomba ruhusa. Ndiyo maana wengi wetu hutaka awe safi, na wafanyabiashara, kwa kulijua hilo, wametujazia rafu chupa za shampuu na kondishena. Nimeombwa nieleze namna ya kuzichagua na kuzitumia. Nitaanza na jambo moja ambalo mlaji akilishika, mengine yote yatamwia mepesi: paka hulamba manyoya yake. Unachompaka mgongoni asubuhi, jioni kitakuwa tumboni mwake.

Zaidi ya hayo, ini la paka lina upungufu wa baadhi ya vimeng'enya vinavyovunja sumu. Kemikali ambayo mbwa huiondoa mwilini kwa urahisi, paka hukaa nayo muda mrefu ikimdhuru. Ngozi yake nayo haina asidi nyingi kama yetu. Kwa hiyo shampuu ya binadamu, hata ile ya watoto wachanga, haikutengenezwa kwa ajili yake, na yaweza kumkausha ngozi na kumletea mwasho.

Kabla ya kuuliza ununue ipi, uliza kama unahitaji kununua. Paka mwenye afya na manyoya mafupi hujisafisha mwenyewe, kwa kuwa ulimi wake una vijimiiba vinavyofanya kazi ya kitana. Huyo hutoshelezwa na brashi. Anayehitaji kuoshwa ni yule aliyechafuka kwa kitu asichopaswa kukilamba, kama oili ya gari. Mwenye manyoya marefu yanayosokotana. Mzee au mnene asiyeweza kufikia mgongo wake. Au mgonjwa wa ngozi aliyeandikiwa shampuu na daktari wa mifugo. Paka aliyeacha ghafla kujisafisha huenda anaumwa, na fedha ya shampuu ingefaa zaidi kutumika kwa daktari.

Ukiwa dukani, soma lebo yote. Iseme wazi kuwa bidhaa ni ya paka. Ionyeshe viambato, umri wa paka anayefaa kuoshwa nayo, tarehe ya mwisho ya matumizi, na jina na anwani ya mtengenezaji. Usinunue dawa ya kupimiwa katika chupa isiyo na lebo, hata muuzaji akiisifu namna gani, kwa sababu likitokea la kutokea, hakuna atakayejua paka amepakwa nini.

Hatari kubwa kuliko zote ni shampuu ya viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Nyingine huwa na permethrini, ambayo kwenye lebo huandikwa PERMETHRIN. Hii ni kemikali ya kiwandani iliyoundwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto, zao la nyanda za juu za Tanzania na Kenya, na ni miongoni mwa dawa zinazotiwa katika vyandarua. Mbwa huivumilia, paka huweza kufa kwayo. Kumpaka kidogo tu kwa kuwa yeye ni mdogo si kinga. Epuka pia mafuta ya taa, mafuta makali ya mikaratusi na ya karafuu, na zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikichanganywa na maji. Neno "asili" kwenye chupa lisikupumbaze, kwani sumu nyingi hutoka katika mimea.

Tena, shampuu huua viroboto walio mwilini tu. Mayai yao huanguka kwenye mikeka na magodoro. Hayo yasiposafishwa, viroboto watarudi na fedha yako itakuwa imepotea.

Kondishena kazi yake ni kulainisha manyoya marefu ili yachanike bila kukatika. Paka wa manyoya mafupi kwa kawaida haihitaji. Chagua ya paka, isiyo na manukato makali. Ile inayoachwa kwenye manyoya bila kusuuzwa inunuliwe kwa uangalifu zaidi, maana yote italambwa.

Siku ya kumwosha, mchane kwanza, kwani mafundo yakilowa hukaza. Tandika taulo ndani ya beseni asiteleze, na tumia maji ya uvuguvugu. Mloweshe kuanzia shingoni kwenda nyuma. Uso ufutwe kwa kitambaa kibichi, na maji yasiingie masikioni. Tumia shampuu kwa kipimo na muda ulioandikwa. Kisha msuuze hadi maji yatoke safi, na baada ya hapo msuuze tena. Ukitumia kondishena ya kusuuza, fanya vivyo hivyo. Mkaushe kwa taulo mahali pasipo na upepo.

Akianza kutetemeka, kutoa mate mengi, kuyumba au kupatwa na degedege, hata kama ni siku ya pili, usingoje. Ikiwa anaweza kushikwa bila degedege, mwoshe upesi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya vyombo, mkaushe, mzuie asijilambe, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na chupa uliyotumia. Usimtapishe wala usimnyweshe maziwa.

Mwisho, tunza risiti na chupa. Muuzaji aliyekuuzia dawa ya mbwa akidai ni ya paka amekupotosha, na sheria za kumlinda mlaji zinakupa nafasi ya kulalamika. Lakini malalamiko bila risiti ni mzigo kwako na kwa anayekusikiliza. Paka hawezi kusoma lebo, wala hawezi kukataa anachopakwa. Kazi hiyo ya kusoma ni yako, na huchukua dakika mbili mbele ya rafu, kabla fedha haijatoka mfukoni.