TULE SAMAKI WETU, LAKINI TUWAACHE WAKUE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wapenzi wa chama, Malangali, Sumbawanga)



Leo hatukuja kuzungumza habari za vyeo wala viti. Tumekuja kuzungumza habari za kitoweo. Huenda wengine watacheka. Lakini nchi isiyoweza kujilisha haina kauli, na wazee walikwisha sema kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Sisi watu wa Ufipa tumewekwa juu ya uwanda wa baridi, katikati ya maziwa mawili. Upande wa machweo liko ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi, la pili kwa kina duniani. Upande wa mawio liko ziwa Rukwa. Dagaa na migebuka hupandishwa mlima kutoka Kasanga, Kirando na Kipili mpaka soko la Sumbawanga. Mahali kama hapa, samaki wa kopo kutoka ng'ambo anatafuta nini mezani petu?

Hata hivyo tusijisifu upesi. Tuwatazame jirani zetu wa Kenya. Wana bahari, tena wana sehemu yao ya ziwa Victoria. Juu ya hayo, samaki waliogandishwa kutoka China waliingia mpaka masoko ya Kisumu, wakauzwa kwa bei ndogo kuliko sato wa ziwani. Mwaka 2018 Rais Uhuru Kenyatta alitamka hadharani kuwa samaki hao wazuiwe, na wengi walifurahi. Lakini yafaa tuulize: mgeni huyo alipataje nafasi? Aliipata kwa sababu samaki wa ziwani walikuwa wamepungua, na walaji hawakupungua. Amri yaweza kufunga bandari. Haiwezi kutaga mayai ziwani.

Ndugu zangu, hapo ndipo lilipo jambo letu. Kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti 2024, uvuvi ulisimamishwa katika ziwa Tanganyika, kwa mapatano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Manung'uniko yalikuwa mengi, nasi twakiri kuwa tulinung'unika pia. Lakini sisi wa huku juu tulikosa kitoweo tu, tukarudi kwenye maharage yetu. Mvuvi alikosa kitoweo, akakosa karo ya watoto, akakosa na fedha ya kulipa deni la nyavu. Mzigo ulikuwa wa taifa zima, lakini aliyeubeba ni yeye.

Je, ilikuwa kazi bure? Hasha. Kokoro na nyavu za macho madogo hukomba watoto pamoja na mama zao. Tena tangu mwaka 2003 wataalamu wameonyesha kuwa maji ya ziwa yamepata joto, na kwa ajili hiyo maji ya chini yenye rutuba hayapandi juu kama zamani. Chakula cha dagaa kimepungua, na dagaa wakipungua, migebuka watakula nini? Ziwa lililodhoofika hivyo lahitaji kupumzika.

Basi sisi tufanye nini? Kwanza, tuache kununua samaki wachanga. Mvuvi haramu hana nguvu bila mnunuzi, na mnunuzi ni mimi na wewe. Yule anayesimama sokoni na kapu lake ana mamlaka kuliko anavyodhani.

Pili, tuache kupoteza kile tulichokwisha kuvua. Dagaa wakianikwa mchangani hutafunwa pamoja na mchanga, na mvua ikinyesha huoza chungu nzima. Wakianikwa juu ya chanja hukauka vizuri, huwa safi, na hupata bei. Dagaa aliyeoza ufukoni amekwisha toka ziwani bila kumfaa mtu, na nafasi yake itajazwa na kopo.

Tatu, tuubebe mzigo pamoja. Ziwa likifungwa tena, mvuvi asiachwe peke yake. Wavuvi na wachuuzi wawe na ushirika wao wa kuweka akiba katika miezi ya neema. Nasi tuidai Serikali, kwa adabu lakini bila woga, iwaarifu mapema, iwasaidie kupata mikopo nafuu na nyavu halali. Mtu mwenye njaa hasikii hotuba, hata hii yetu.

Ndugu zangu, kukataa samaki wa ng'ambo kwa maneno ni rahisi. Hata kasuku aweza. Kujitegemea ni kuvumilia miezi mitatu ya maharage ili mjukuu naye aujue mgebuka kwa kuula, asiujue kwa kusimuliwa.