Chuo cha Ufundi Kijengwe Mjini

Leo tuna swali moja ambalo mara nyingi hujibiwa mapema mno, kabla wananchi hawajaambiwa kuwa kuna mradi: chuo kipya cha ufundi kijengwe wapi?

Kwa Tanzania swali hili si la mbali. Serikali iliamua kila wilaya iwe na chuo cha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), na katika awamu ya karibuni ikaanza ujenzi wa vyuo 64: 63 vya wilaya na kimoja cha Mkoa wa Songwe. Kila chuo kinahitaji ardhi, na kwenye vikao vya kuitafuta, eneo la nje ya mji hushinda upesi. Ni kubwa, bei yake ni nafuu, halina nyumba za kulipia fidia, na malori ya mchanga yanaingia bila kumsumbua mtu. Mimi naona ni kosa pale ambapo ardhi ya mjini ipo na bado inaachwa.

Watangulizi wetu hawakuiacha. Dar es Salaam, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na ile ya Bibi Titi Mohamed, kipo chuo kilichoanza 1957 kama taasisi ya ufundi, kikawa Chuo cha Ufundi Dar es Salaam 1964, na tangu 1997 tunakiita DIT. Mwanafunzi akitoka getini anafika Kariakoo kwa miguu. Huko anashika nyaya na swichi mkononi, anaulizia bei, anajua kipi ni imara na kipi ni bandia. Mabasi ya mwendokasi yana kituo chenye jina la chuo hicho. Nairobi nako, Kenya Polytechnic ilipofunguliwa 1961 iliwekwa pembeni mwa kitovu cha jiji, na leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya. Mombasa, taasisi ya ufundi iliyoanza kufundisha mwaka 1951 ilijengwa Tudor, ndani ya kisiwa, si ng'ambo bara.

Kwa nini mahali pana uzito hivi? Kwa sababu panaamua nani atasoma.

Chukua kijana anayefungua injini kwenye gereji ya mtaani. Kazi anaijua, anatambua kwa sikio tu kwamba klachi inakwisha. Alichokosa ni cheti, pamoja na hesabu za vipimo ambazo bosi wake hakumfundisha. VETA wana utaratibu wa urasimishaji ujuzi: fundi wa aina hii anapimwa anachokijua, anafundishwa palipopungua, na akifaulu anapewa cheti bila kuanza moja. Lakini gereji hawezi kuifunga, maana ndiyo inayolisha watoto. Chuo kikiwa umbali wa kutembea, saa kumi jioni anaweka spana chini, ananawa grisi, saa kumi na moja yuko darasani. Kikiwa kilomita 20 nje ya mji, nauli inakula kipato cha siku. Na binti anayesomea ushonaji, arudi na bodaboda gizani? Mzazi wake atakataa, na ana haki ya kukataa.

Wapo watakaosema bweni litatatua hilo. Bweni linamfaa kijana aliyemaliza shule juzi na hana mzigo. Halimfai mama mwenye genge sokoni.

Sasa tuje kwenye jengo lenyewe, maana hapa ndipo miradi ya mjini huharibika. Kiwanja ni kidogo, kwa hiyo ghorofa haziepukiki, na mchoraji asiyeijua karakana atachora jengo la ofisi. Kizito lazima kikae chini. Mashine ya kukerezea vyuma hufungwa kwa boliti kwenye sakafu ya zege nene. Mwanafunzi anayekereza shafti anatafuta usahihi wa sehemu ndogo za milimita. Sakafu ikitetema kidogo, kisu kinaacha mawimbi juu ya chuma, na shafti hiyo haitakaa sawasawa kwenye beringi. Kwa hiyo kukereza, ufundi magari na uchomeleaji vikae ghorofa ya chini, vyenye milango mipana ya kuingiza gari zima. Kompyuta, ushonaji na madarasa ya nadharia vipande juu, na pawepo njia ya kumfikisha huko anayetumia kiti cha magurudumu.

Umeme nao uulizwe mapema. Mashine za kuchomelea zikiwashwa kwa pamoja kwenye laini dhaifu, taa za nyumba za jirani zinanywea. Chuo kinahitaji umeme wa njia tatu na transfoma yake, na gharama hiyo iingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Mitungi ya oksijeni na asetilini isilazwe koridoni. Isimamishwe wima, ifungwe kwa mnyororo, mahali penye hewa ambapo gari la zimamoto linafika. Oili chafu iwe na shimo lake la kuinasa, isiishie kwenye mfereji unaopita mbele ya soko.

Si kila fani itatosha mjini, na nisingependa tujidanganye. Udereva wa magari makubwa unataka uwanja, kilimo na ufugaji vinataka shamba. Fani hizo zipewe eneo la pembeni kama tawi, chuo chenyewe kikibaki mjini.

Kuna pia suala la fidia. Ardhi ya mjini ina watu, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka walipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Mwenye kibanda cha kuchomelea kwenye kiwanja hicho ndiye mwanafunzi mtarajiwa wa chuo. Akiondolewa kwa greda kabla ya kulipwa, wilaya inampoteza fundi na inapoteza imani ya mtaa mzima. Afadhali mradi uchelewe.

Na kabla mkandarasi hajakabidhiwa kiwanja, mwombe diwani wako aulize jambo hili kwenye baraza: vijana wanaosomea uashi, umeme na ufundi bomba katika vyuo vya jirani wametengewa nafasi ngapi kwenye ujenzi huu? Zikiandikwa kwenye mkataba, watafanya mafunzo yao ya vitendo palepale, chini ya fundi mkuu wa saiti. Zisipoandikwa, mkandarasi hana kinachomlazimu kuwapokea.